Jembe la Motokaa

Enzi za Mjerumani nilikwama Morogoro miezi minane kwa sababu ya chuma kimoja kisichozidi urefu wa mkono wangu. Reli ilikuwa imeshafika Tabora, kwetu, ambako sikuwa nimekanyaga tangu nimalize shule. Mimi nilikuwa bado naamka naitazama milima ya Uluguru, nikiudhika kwamba ni mizuri.

Bwana wa shamba la mkonge niliyemfanyia kazi alikuwa amenunua motokaa ya fahari, ya viti vya ngozi na taa za shaba, kutoka kwa Mzungu mwenzake aliyerudi kwao. Ililetwa vipandevipande ndani ya makasha. Kwa kuwa nilijua kusoma, nikapewa kazi ya kuchambua: cha kiwandani kirudi garini, kilichofuliwa huku kitupwe. Vyuma vya kiwandani vilikuwa vimegongwa namba 318.

"Ukimaliza nakupa cheti," alisema bwana. Bila cheti cha kuachiwa kazi, hakuna mtu wa reli ambaye angeniajiri.

Ukabaki mkono wa usukani, chuma kinachogeuza magurudumu. Makashani ilikuwamo miwili. Yote ina 318. Yote imechubuka palepale, kando ya tundu. Nilipima, nikagonga, nikasugua kwa mchanga, siku tisa nzima. Mwishowe nikaifungia ndani ya koti nikapanda mlimani, kwa mhunzi aliyekuwa akimfulia vyuma yule Mzungu wa kwanza. Mvua ilinyesha njia nzima.

"Mnyamwezi!" akanipokea. "Umekosa mzigo wa kubeba mpaka unapanda huku?"

"Nimekuja kumwona Mluguru anavyolala bila kubiringika."

Tukacheka, watani sisi. Nikamwekea vile vyuma mbele. "Upi wako?"

"Yote. Wa kwanza ulipinda, wakataka wa pili."

"Na namba?"

"Si waliniambia nifue uleule? Ningeiacha namba ungesema sikumaliza."

"Na huu mchubuko?"

"Na mchubuko," akasema kwa fahari. "Huo ndio ulionisumbua."

Nikamuuliza ule wa Ulaya ulikwenda wapi. Akaonyesha kwa kidevu, kule mkewe alikokuwa akipalilia maharage. "Ulikatika. Chuma kizuri kile, nikakifua jembe."

Nilikwenda kulitazama. Karibu na mpini ilibaki alama ya nane iliyopondeka. Nikamwomba yule mama aniazime nikamwonyeshe bwana.

"Shemeji, nikupe jembe na mvua ndizo hizi? Nilimie kucha?"

"Siku mbili tu, shemeji."

"Mbili zako au za Mzungu?"

Nikashuka bila jembe. Nilimweleza bwana kila kitu kama kilivyo, mpaka maharage. Hakucheka. Alisema mtu wa mlimani hawezi kufua chuma kama kile. Mmoja lazima ni wa kwao, na mimi ni mvivu ninayetafuta njia ya kuondoka. Nikaapa. Akanirudisha kwenye banda la makasha.

Niliyapekua makasha yale upya, skrubu kwa skrubu, nikitafuta kitu ambacho nilikiona kwa macho yangu kikikata magugu. Wiki ya pili nilichoka. Nikanyanyua mkono mmoja, wowote, nikampelekea.

"Huu, bwana. Unalia vizuri zaidi."

Akaugonga kwa spana, akatega sikio, kisha akaitikia kwa kichwa. "Mimi nilijua tangu mwanzo." Mwingine akautupa kwenye vyuma chakavu, akaniandikia cheti palepale: mchukuzi wa barua hii anatambua chuma cha Ulaya kwa sauti.

Nilitaka kumwambia apande mwenyewe kwenye lile konde la maharage. Lakini treni ilikuwa ya saa nne. Nikasema ahsante, bwana, nikaenda stesheni kwa hatua za mtu anayefukuzwa, nikawahi mno, nikakaa pale kwenye benchi na hasira zangu.