Chemchemi Yetu na Mjuzi Aliyenyamaza

Siku ile naikumbuka vizuri mno, mwanangu, kwa sababu ni siku ya Idd ambayo mama mkwe wangu alimnyang'anya mwanawe sahani ya pilau mbele ya wageni. Mtu mzima, mwenye mke na kazi ya serikali! Nami, mkaza mwana wa nyumba ile, nikatamani nijifiche chini ya mkeka. Lakini keti kwanza, nikueleze vizuri. Wewe unayesomea maji chuoni ndiye hasa unayepaswa kuyasikia haya.

Babu yako Salimu alinioa nikaja kijiji hikihiki, huku juu ya njia ya kwenda Mlalo. Wakati huo chemchemi yetu ilitutosha. Asubuhi tulichota ya nyumbani, na yaliyobaki yakashuka kwa mfereji mpaka bondeni kwenye kabichi na karoti. Kila familia ilikuwa na siku yake ya kufungulia maji. Shamba letu lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji, likipakana na la Shabani, rafiki wa Salimu tangu wakichunga mbuzi pamoja.

Basi zikaja habari za kupanda miti. Pandeni miti mtunze maji, kila mkutano ni hilo. Na sisi tukapanda kwa moyo wote. Tulichagua mikaratusi, maana inakua haraka na inatoa nguzo na kuni, tukaisonganisha palepale kwenye jicho la chemchemi, tukijua ndiyo tunailinda. Akina mama tulibeba miche kichwani huku tunaimba. Shemeji yangu Athumani, kaka yake Salimu, alikuwa nyumbani likizo. Yeye alikuwa mtaalamu wa maji, ofisi yake Tanga. Alikuja mpaka pale, akasimama mikono mfukoni, akatutazama tunavyochimba mashimo, akasema, "Poleni na kazi." Akashuka kunywa chai.

Poleni na kazi! Mpaka leo nikilikumbuka neno lile damu inanichemka.

Miti ilikua, haki ya Mungu ilikua. Na kadiri ilivyorefuka ndivyo maji yalivyopungua. Kwanza mfereji ukaacha kufika mwisho, kwetu na kwa Shabani. Kabichi zangu zikatoa majani tu bila kufunga. Halafu hata ndoo ya nyumbani ikawa inakawia kujaa, mpaka unakaa chini kusubiri. Tukaanza kutazamana vibaya. Salimu akadai Shabani anafungulia maji siku isiyo yake, Shabani naye akasema mwizi ni Salimu. Watu waliokula pamoja tangu utoto wakafika mahali pa kupishana njiani bila salamu, na unajua kwetu salamu ilivyo kitu kizito. Wapo waliosema chemchemi imekasirika, atafutwe mbuzi wa tambiko. Mwisho Shabani akachoka. Akafunga mizigo, akashuka na mke na watoto kwenda Muheza, kufanya vibarua kwenye michungwa ya watu.

Idd iliyofuata Athumani akaja. Wanaume walikuwa wanakula barazani kwenye sinia, lakini yeye alitengewa sahani yake na kijiko, kwa heshima ya mtu wa ofisini. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawisha. Mazungumzo yakaenda kwenye maji, kila mtu na lake. Athumani akacheka, mdomo umejaa pilau.

"Chemchemi haijakasirika na mtu. Ni hiyo mikaratusi yenu, inafyonza maji balaa. Mimi nilijua tangu siku ile mnapanda."

Mama mkwe, aliyekuwa anaongeza mchuzi, akaliweka bakuli chini.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Lakini hamkuniuliza. Halafu nilikuwa likizo."

Loo! Sikuwahi kumwona yule mama akipandisha sauti, lakini siku ile aliipandisha.

"Mghoshi," akasema, hivyo ndivyo tunavyomwita mwanaume kwa Kishambaa, na alilisema kama anamsuta, "maji ya kukuogesha ulipozaliwa niliyachota pale. Umewaona watu wa kwenu wanaifukia chemchemi kwa mikono yao, wewe ukawapa pole? Ukimwona mtoto anatambaa kwenda kwenye moto, utasubiri akuulize kama unaunguza? Shabani yuko wapi leo? Nenda Muheza ukamwambie mkewe kwamba ulikuwa likizo!"

Akaichukua ile sahani. "Pilau hili limepikwa kwa maji tuliyoyangojea tangu alfajiri. Huli."

Athumani alinuna, akaingia ndani. Lakini kesho yake alipanda chemchemini na shoka begani, akachuchumaa na watu, akawaeleza kwa Kishambaa kitupu jinsi mizizi ile inavyofanya kazi. Akasema kukata hakutoshi, visiki ving'olewe la sivyo vitachipua. Akawaonyesha pa kupanda mikuyu, na mahali ambapo jembe lisiguse kabisa. Wenye nguzo zao waligoma, kelele zikawa nyingi, ila mwishowe mikaratusi ikaanguka. Masika baada ya masika, maji yakarudi.

Salimu akashuka Muheza kumwita Shabani. Alikaribishwa vizuri, wakapatana, wakalia. Lakini Shabani akasema watoto wameshazoea kule, harudi tena. Babu yako alifika hapa jioni akakaa kwenye mpaka wa shamba la mwenzake, maji yanapita kwenye magugu, na chakula hakukigusa.

Sasa unadhani kwa nini nakusimulia haya leo? Jana nimekusikia hapo uani, mwanangu, ukimwambia mwenzako wa chuoni kwamba maji yetu mliyoyapima yana dawa ya kupulizia nyanya, kwamba watu wanaosha mabomba yao ya kupulizia huko juu ya chemchemi, na kwamba hata ukiyachemsha dawa haitoki. Nikakuuliza, je, kijiji kimeambiwa? Ukanijibu taarifa bado inaandikwa, na kutangaza si kazi yenu. Ebo! Na tangu umefika unakunywa maji ya chupa uliyonunua Lushoto mjini! Mimi bibi yako umeniacha na ya mtungini. Watoto wa jirani wanapita hapa na madumu, wanakuamkia shikamoo, unaitikia marahaba, unawaacha wakanywe! Huna haya?

Nisikilize. Ukijua jambo la maji, liseme siku unayolijua. Usingoje kuulizwa, maana sisi tusiojua tutajuaje cha kuuliza? Kama hujapata uhakika wote, sema hujaupata, lakini sema. Liseme kwa maneno ya mama zako, si ya ofisini. Na ukishasema usikimbie. Kaa nao, uwaonyeshe pa kuoshea mabomba na pa kuchota kwa sasa, hata wakikutukana. Elimu hiyo hukupewa uinywe peke yako kwenye chupa.

Haya, vaa viatu uende kwa mwenyekiti wa kitongoji, yupo kwake saa hizi. Mwenyezi Mungu akufungue ulimi, akupe moyo wa kuwahurumia watu wa kwenu, na unachokijua akijaalie kiwe dawa kwao. Amina. Nenda basi, mjukuu wangu, nenda upesi, watoto hawajaenda bado kuchota ya jioni.