Majumba Ndani ya Maji

Madeleine alishona mapazia ya nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa, na kwake, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hakuwa na dirisha la kutundika hata leso. Malipo yalikuwa ahadi: mapazia yakiisha, Mai Tiyamike mwenye nyumba angewachukua yeye na mumewe Ezechiel wakayatundike, walale huko usiku mmoja. Ezechiel, mtoto wa Uvira, mji wa ziwani, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusali (na kusali bado kunamshinda), alikuwa anaingiwa na ukungu machoni. Alitaka kuona ziwa tena, lolote lile, kabla pazia lake mwenyewe halijashuka.

Madeleine akabeba mzigo mpaka dukani kwa Mai Tiyamike, Area 36, Lilongwe. Akamkuta ameshika tama.

"Pole, mama. Nafunga. Ziwa limejaa majumbo, wazungu wamekimbia."

Alisema kwa Kichewa, na Kichewa cha Madeleine kilikuwa cha kununulia nyanya. Lakini kufunga alikuelewa. Mgeni akikimbia, mkaanga samaki huzima moto, mwenye boti hulala, na mshonaji wa Dzaleka hurudi na mapazia kichwani.

Nyumbani akamwambia mumewe: "Baba Cadeau, matajiri bamejenga majumba ndani ya maji. Bageni habaone tena ziwa."

Ezechiel hakushangaa. Alikwisha kuona mchungaji akijenga ghorofa kwa sadaka ya mihogo. Kujenga majini ulikuwa muujiza mdogo.

"Haina neno, mama Cadeau. Unitilie maji ku beseni, nitaangalia hiyo."

Akacheka, kisha akageuza uso ukutani. Hapo Madeleine akasukuma sahani ya ugali kando.

Jirani yao Arlène, muuza karanga, aliyekuja kuomba chumvi na kusikiliza ya watu, akapasuka kwa kicheko. "Majumba gani? Majumbo! Huku jumbo njo sashe, mufuko ya plastiki, we mama!"

"Aa! Na karanga zako unauzishaka ndani ya nini?"

Arlène akachukua chumvi yake, akaenda.

Madeleine alicheka hadi akalia, halafu akalia bila kicheko. Jumba haling'oki, sashe inaokoteka. Kesho yake akarudi Area 36.

"Mai, utupeleke. Tutaokota."

"Hamtayamaliza."

"Tutaokota pale mzee atasimama tu."

Mai Tiyamike akamtazama sana, kisha akatafuta funguo.

Wakaomba ruhusa ya kutoka kambini, wakaenda. Ufukweni Madeleine na Mai Tiyamike wakaokota mpaka migongo ikalia, wakasafisha mahali penye upana wa mkeka. Ezechiel akakunja suruali, akaingia. Aliona buluu tu, ukungu juu ya buluu, akaguna kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Kitu kikamgusa kifundoni.

"Mama Cadeau! Samaki!"

Akakinyakua. Madeleine akasogea, akakitazama.

"Hapana, baba. Ni jumbo."

Ezechiel akalikung'uta, akalikunja vizuri, akalitia mfukoni.

"Wacha niibebe. Tangu nizaliwe sijapata jumba pembeni ya ziwa."