Mama Spika na Dirisha la Oda

Wapakiaji wa ghala lile walimwita Mama Spika, na hawakumpa jina hilo kwa fitina. Alilipata kihalali, kwa koo lake mwenyewe.

Ghala lilikuwa la vinywaji: soda, maji na juisi, kreti juu ya kreti hadi karibu na bati. Ofisi ya oda ilikuwa juu, chumba kidogo cha mbao kilichofikiwa kwa ngazi za chuma, chenye meza, simu mbili na dirisha moja linalotazama sakafu ya ghala. Mwenye duka alipiga simu, Mama Spika akamsikiliza, akasimama dirishani, akavuta pumzi na kuitupa oda chini: duka gani, soda gani, kreti ngapi, mlango upi. Chini, kundi la mlango huo likajibu kwa pamoja, "Imeshikwa." Hapo ndipo kreti ya kwanza iliponyanyuliwa. Bila jibu hakuna aliyegusa kitu. Sheria hiyo haikuandikwa popote na wala hakuna aliyeivunja, maana asiyejibu aliitwa tena, na kuitwa mara ya pili na Mama Spika kulikuwa kunaziba masikio ya ghala zima.

Aliianza kazi hiyo binti yake akiwa shule ya msingi. Sasa binti ni mtu mzima, amepata kazi mji mwingine, na amemwachia mama yake mtoto wa kike ambaye bado hajaanza shule, anayeongea tangu anapofumbua macho mpaka usingizi umchukue. Mtaa mzima ulimwita Chiriku. Na hapa ndipo penye kichekesho, au kilio, chagua mwenyewe: mtoto muongeaji kuliko wote mtaani alikuwa anaishi na bibi asiye na sauti.

Sauti yenyewe ilikuwa inabaki ghalani. Alfajiri bibi aliondoka Chiriku akiwa bado amelala, jirani akaja kushinda naye. Jioni bibi alirudi koo limekauka, likitoa mkwaruzo tu. Daktari alilichungulia kwa kitochi chake, akamwambia bila kuzunguka kwamba limevimba, na kwamba akiendelea hivyo sauti itaondoka jumla. Kama kazini lazima apige kelele, basi angalau nyumbani asitamke hata neno mpaka atakapoambiwa.

Basi nyumbani akawa anaongea kwa makofi. Moja, njoo. Mawili, chakula tayari. Mlangoni alipiga mawili, akanyamaza kidogo, akapiga moja, na Chiriku akaja mbio kufungua. Mtoto aliuliza maswali na kujijibu mwenyewe. "Bibi, kwa nini mbwa hawavai viatu? Labda hawajui kufunga kamba." Bibi alitabasamu tu, lakini jibu lilikuwa linamwasha kifuani. Na hadithi zote alizowahi kumsimulia mama yake Chiriku zilikuwa humo humo, zimebanana, hazina pa kutokea. Iliuma. Aliwahi kukaa jikoni akalia kwa sababu tu mtoto alimwomba hadithi kisha akasema, "Aa, nilisahau, wewe huwezi." Kuacha kazi nako hakukuwezekana, kwa kuwa ndiyo iliyoweka chakula mezani.

Ndiyo maana bosi alipotangaza kwamba ghala linaingizwa kwenye kompyuta, wenzake walinuna kama watu waliozimiwa redio, na yeye akatamani kucheza.

Fundi aliyeleta mitambo hiyo alikuwa dada mwembamba mwenye raba nyeupe, anayetembea kana kwamba anachelewa kila mahali. Alieleza kwamba wenye maduka sasa watatuma oda kwa simu zao, bila kuongea na mtu. Kompyuta itaangalia kama mzigo upo, itachagua mlango, na itaandika oda kwenye kioo kilichofungwa pale mlangoni. Wapakiaji watabonyeza kitufe cha kijani kuonyesha wameipokea. Oda isiyopokelewa itahamia mlango unaofuata. Wakishabonyeza, watasoma alama za kreti kwa kimashine cha mkononi, na hesabu ya ghala itajipunguza yenyewe.

"Na mimi?" Mama Spika aliuliza kwa mkwaruzo wake.

"Wewe mama utakaa kwenye kompyuta kubwa huko huko juu. Oda ikiwa na walakini, unairekebisha. Ni kuandika tu."

"Bila kupiga kelele?"

"Hata kunong'ona hakuhitajiki."

Mama Spika alimshika mikono yote miwili na hakuiachia haraka. Yule dada alibaki anacheka, hajui amempa mtu nini.

Bosi, ambaye aliwahi kuuziwa mashine iliyokufa kabla ya kuwaka, hakutaka kushawishika mapema. Aliwakusanya wote na kusema, "Jumatatu tunajaribu. Mpaka saa sita mchana magari yote yawe yameondoka na mzigo wake sahihi. Yakinikwamia, nafungua dirisha, tunarudi kwenye koo la mama." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kana kwamba koo hilo lilikuwa mali ya ghala kama kreti na mizani.

Kabla ya siku hiyo, fundi aliwafundisha wapakiaji. Aliwafundisha vizuri, ila kwa kasi ya raba zake. Mnyapara wao, jitu la miraba minne waliloliita Kontena, alikuna kichwa mpaka ukamsikia. Mama Spika akamhurumia, akaingilia kati. Alishuka ngazi, akawakusanya karibu wasikie mkwaruzo wake.

"Wanangu, msijipe presha. Kioneni hicho kioo kama mimi. Kikiwapa oda, kijibuni vile vile mnavyonijibu mimi."

Nyuso zikang'aa. "Sasa hapo tumekuelewa, mama," Kontena alisema. Fundi naye akashukuru, na watu wakatawanyika wakiwa na furaha. Ningekuwepo ningewazuia, lakini nani alijua?

Jumatatu Mama Spika alivaa gauni la sherehe. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa kufuli, ufunguo uko mfukoni kwa bosi. Aliketi mbele ya kompyuta kubwa, mikono mapajani, moyo ukimwenda mbio kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. Oda ya kwanza ikaingia: duka la karibu na shule, soda ya tangawizi, mlango wa kwanza. Ikatoweka pale, ikaenda chini, na kupitia mbao akasikia, "Imeshikwa." Alicheka peke yake. Hakufungua kinywa, na mzigo ulikuwa unapakiwa. Alitamani kumpigia mtu simu amwambie, ila angemwambia kwa sauti ipi?

Kisha akaona kwamba ile oda bado ni nyekundu. Haijapokelewa. Ikahamia mlango wa pili. "Imeshikwa." Bado nyekundu. Mlango wa tatu. "Imeshikwa." Oda zilizofuata nazo zikafanya vivyo hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka kioo chake chote kikawa chekundu kama nyanya. Kule chini kila mzigo ulikuwa umepakiwa mara tatu kwenye magari matatu. Yule mwenye kiduka cha karibu na shule alikuwa njiani kupata soda ya tangawizi ya kutosha kuogea.

Vile vimashine vya mkononi navyo viligoma, kwa sababu havisomi kitu kabla kitufe hakijabonyezwa. Wapakiaji waliviweka kando kwa heshima na kuendelea kubeba.

Fundi alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena. "Umeme upo, mtandao upo, oda zinafika," alisema, jasho likimtiririka. "Sasa kwa nini hawapokei?"

Madereva walianza kupiga honi. Bosi akapanda, akaangalia ule wekundu wote, hakugomba. Alitoa ufunguo, akafungua kufuli na kulisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta.

"Basi, mama. Tumejaribu. Ita."

Mama Spika alisimama. Mlio wa dirisha ulikuwa umefika chini, na kila aliyekuwa na kreti begani aliinua uso. Walikuwa wanamsubiri. Kifua chake kikajaa pumzi chenyewe, kwa mazoea. Kelele moja tu ingesimamisha kila kitu na kukipanga upya, alijua hivyo, na bosi alijua. Alijua pia kwamba akiitoa, dirisha hilo halitafungwa tena, na koo lake litaishia hapo.

Wakati huo huo oda mpya ikaandikwa kwenye kioo cha mlango wa kwanza. Kontena akageuka. Akasimama wima mbele ya kioo, mikono ubavuni, wenzake nyuma yake, na wote kwa pamoja wakakiambia kwa adabu zote, "Imeshikwa." Kontena akakitikisia kichwa kuagana nacho, akaenda kubeba. Kitufe cha kijani hakikuguswa na mtu.

Mama Spika akakumbuka alivyowafundisha. Maneno yake yakamrudia neno kwa neno. Wale watu walikuwa hawajakosea chochote. Walikuwa wamemtii yeye.

Pumzi ile yote aliitoa taratibu kupitia puani. Akalivuta dirisha, akalifunga mbele ya pua ya bosi. "Nipe dakika chache," alikwaruza. "Kosa ni langu." Akashuka ngazi za chuma akiwa ameshika gauni la sherehe kwa mkono mmoja, fundi akimkimbilia nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwa Kontena, akaushika mkono wake, akachagua kidole kimoja kinene na kukikandamiza kwenye kitufe. Kioo kikageuka kijani.

Kontena alikitazama kidole chake, akakitazama kioo, kisha akamgeukia.

"Mama, si ulisema tukijibu kama tunavyokujibu wewe? Wewe tulikuwa tunakubonyeza?"

Ghala zima likaangua kicheko. Fundi alikaa juu ya kreti, hana mbavu. "Na mimi nawasikia tangu asubuhi," alisema akijifuta machozi, "nikadhani mnashangilia."

Baada ya hapo ilikuwa patashika. Shusha hii, rudisha ile, tangawizi yote huku. Mama Spika alikwenda mlango hadi mlango akishika vidole vya watu wazima. Vioo vikawa kijani kimoja kimoja, na vile vimashine vilipoanza kulia pii, pii juu ya kreti, wapakiaji wakaanza kushindana ni mlango upi utamaliza kwanza. Waligombea kubonyeza. "Imeshikwa" waliendelea kuisema, kidole kikiwa kwenye kitufe, na hakuna aliyewakataza. Mama Spika alijiona yumo katikati ya vurugu tamu kuliko zote alizowahi kuziona ghalani, na hakupaza sauti hata mara moja.

Bosi alisimama getini akiangalia saa. Gari la mwisho lilipotoka, saa sita bado haijafika, alingoja mpaka likakata kona. Kisha akapanda ngazi, akalifunga dirisha kwa kufuli na kumletea Mama Spika ufunguo.

"Kaa nao wewe," alisema.

Wiki zikapita, yeye akiandika na kunyamaza. Siku moja jioni, akitoka kazini, alipitia kwa daktari. Kitochi kikaingia kooni kikatoka. "Sema kitu," daktari alimwambia.

"Niseme nini?"

Wote wawili wakaisikia sauti: nzito, laini, nzima. Daktari akamruhusu kuongea nyumbani, mradi asipige kelele. Mama Spika akatembea haraka kama msichana. Njiani watu walimsalimia, naye akawajibu kwa kupunga mkono tu, kwa sababu hakutaka kuitumia kwao kwanza.

Akafika mlangoni. Jirani alikuwa uani anafua. Akasema, "Chiriku, nifungulie, mwanangu."

 Mtoto akauliza kutoka ndani: "Nani?"

"Mimi. Bibi yako."

"Bibi hayupo, yuko kazini. Halafu bibi yangu haongei, anapiga makofi."

"Ndiye mimi. Koo limepona."

"Muongo," Chiriku alisema, na wala hakusogea.

Mama Spika alicheka, na macho yakamjaa maji. Akaweka kikapu chini. Akapiga makofi mawili, akanyamaza kidogo, akapiga moja.

Komeo likavutwa. Mtoto alimtazama, akachungulia nyuma yake kuona kama kuna mtu mwingine amejificha, kisha akamtazama tena mdomoni.

"Sema."

"Chiriku."

Tangu aletwe katika nyumba ile, Chiriku hakuwahi kukosa la kusema. Sasa alisimama kizingitini mdomo wazi, hana neno. Bibi yake akaketi pale pale mlangoni na gauni la kazi, akampakata.

"Haya," alisema. "Tuanze na wale mbwa wasiovaa viatu."