Pumzi kwenye Hansadi

Wenzake ofisini humwita Sikio. Kazi yake ni kuvaa hedifoni, kusikiliza kanda za Bunge na kuandika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi: maneno kama yalivyosemwa, na sauti nyingine kwenye mabano. (Kicheko). (Makofi). Kilichosikika kinaandikwa, kisichosikika hakibuniwi.

Wiki ile wabunge walijadili muswada wa kuweka ukomo wa fidia kwa wagonjwa walioumizwa na uzembe wa hospitali. Ungezigusa hata kesi ambazo hazijaamuliwa, ikiwamo ya mtoto wa Sikio. Mtoto huyo aliingia chumba cha upasuaji anaimba, kwenda kutolewa mafindofindo tu. Dawa ya usingizi ikamzidi. Sasa halali bila mashine ya kumsaidia kupumua, na fidia hiyo ndiyo ingemlipa muuguzi siku mama yake hayupo tena.

"Kuna watu," alisema mbunge mmoja, "wanaomba daktari ateleze, wao wajenge ghorofa!"

Sikio akaandika: (Kicheko).

Mchana mhariri wa zamu, ambaye wote humwita Bwana Nukta, alimjia na kurasa mkononi.

"Dada, umeandika 'Pumzi' kwenye mabano. Kila ukurasa. Nani huyo anapumua, Spika?"

Msichana wa meza ya pili akapasuka kwa kicheko. Sikio hakucheka.

"Nimeisikia."

"Mimi nimerudia kanda yote. Hakuna kitu."

"Vaa hedifoni. Sikiliza baada ya neno 'ghorofa'. Inavuta, inakwama, inatoka."

Alisikiliza hadi mwisho, akazivua taratibu. Hakutania tena.

"Nenda nyumbani, dada. Kura nitaiandika mimi."

"Kura naandika mwenyewe."

Akaiandika. Waliosema ndiyo waliwazidi waliosema siyo. (Makofi). Akairudisha kanda, akitega sikio chini ya yale makofi. Safari hii hapakuwa na pumzi. Akampigia simu mdogo wake, anayeshinda na mtoto.

"Anapumua?"

"Anapumua, dada. Kwani vipi?"

Jioni alimkuta mtoto macho wazi. Hasemi, lakini husikia kila kitu. Hilo madaktari wa pande zote mbili za kesi wamekubaliana nalo.

"Haya, wameamuaje huko?" mdogo wake aliuliza kutoka jikoni.

Macho ya mtoto yakamgeukia mama yake.

"Bado wanajadili," alisema, akamfunika shuka mabegani.