Fundi Betri Aliyekataa Kumrudisha Mkewe

Juma lililopita, nikisubiri zamu yangu kwa kinyozi, niliambiwa kwamba fundi betri wa mtaa wetu hapa Morogoro amefariki na amekwisha kuzikwa kwao Mlali. Wasomaji wangu wengi hawakumjua. Baadhi ya waliomjua walimcheka, kwa sababu alizungumza waziwazi jambo ambalo sisi wanaume tunamficha hata daktari.

Biashara huria iliporuhusiwa na magari ya mitumba kumiminika nchini, betri mbovu zilizagaa kila mahali. Yeye alizipasua uani kwake, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo na kuyauza. Mkewe, akiwa mjamzito, ndiye aliyechochea moto na kufagia majivu. Walianza kula nyama hata katikati ya juma, nyumba ikaezekwa bati. Kisha akazaliwa mtoto wa kiume ambaye korodani zake hazikushuka. Mama yake fundi aliteremka kutoka Mlali, akamfunua mjukuu, akamfunika tena. "Mwanangu, mwanamke huyu ana mkosi," alisema. "Mrudishe kwao."

Fundi aliniomba niwasindikize hospitali yeye, mkewe na mtoto, maana aliona haya kwenda bila mwanamume mwenzake. Daktari aliwauliza kazi yao, wakamweleza. "Siwezi kuapa kwamba ni risasi," alisema. "Watoto wengine huzaliwa hivi bila sababu tunayoijua. Lakini risasi huingia kwenye damu ya mama na kumfikia mtoto tumboni, na wataalamu wanahofia kwamba huvuruga viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume vinapojengeka." Mkewe aliinamisha kichwa na kulia bila sauti. Tuliporudi nyumbani, fundi alimpigia magoti mama yake. "Mama, nisamehe, simrudishi. Moto ule niliuwasha mimi. Yeye nilimwita tu aje achochee."

Aliacha kuyeyusha risasi, akarudi kuziba pancha za baiskeli, na nyama ikaadimika tena. Alipita kwenye nyua za wenzake akiwaomba wawaondoe wajawazito kwenye moshi, akiwaeleza, bila kupindisha maneno, yale yaliyompata mwanawe. Wengine walimwambia, "Kaka, wewe una wivu tu." Lakini wake zao walisikia, na wapo waliogoma kukaribia moto. Mtoto alifanyiwa upasuaji, akakua, sasa ni kijana mwenye ndevu. Kama atapata watoto, hakuna daktari aliyemwahidi.

Miaka ile tulimsifu kila aliyejiajiri, na sikumbuki tukiuliza moshi wa kazi yake unavutwa na nani. Na hadi leo, mtoto akizaliwa na kasoro, kidole cha kwanza humwelekea mama yake. Mtu huyu alijinyooshea mwenyewe kidole hicho, mbele ya mzazi wake, mkewe akisikia. Nimeishi na wanaume wengi wanaojisifia uanaume. Mimi niliuona kwake.