Siku Mama Mkwe Alipolishinda Trekta

Wako wanawake wauza parachichi kwenye barabara ya Nyankunde ambao mpaka leo wakiniona napita hushika viuno na kucheka, na mimi huwapungia mkono tu, kwa sababu nifanye nini, aibu yangu waliiona yote kwa macho yao.

Jumapili ile mtoto wetu wa kwanza alikuwa apelekwe mbele kanisani, hapa Bunia, na mke wangu Furaha alikuwa amesema neno moja tu: mtoto haingii kanisani kama bibi yake hayupo wa kumbeba. Mama mkwe anakaa nje ya mji, nyuma ya vilima viwili, na pikipiki hapandi tena tangu ilipomwangusha. Basi nikaamua (uamuzi mdogo, naapa, niliufanya nikifunga vifungo vya shati) kumfuata na trekta dogo la chama chetu cha wakulima, nikafagia remoki inayokokotwa nyuma, nikatandika mkeka, na juu yake nikaweka kiti cha plastiki, maana mama mkwe hakai chini kama gunia.

Sasa, kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemeshani. Alipopanda nikageuza uso kama adabu inavyotaka, naye akajifunika kikwembe, kitenge chake kipana, na maneno yote yakawa yanapitia kwa shemeji yangu Neema, aliyekaa kule mwisho wa remoki na mkungu wa ndizi.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri kabisa. Tulipoanza mlima wa kwanza, mbele ya wale wanawake wa parachichi, trekta likaguna, likapunguza mwendo, likasimama, injini inanguruma lakini magurudumu hayataki. Nikashuka. Nikatazama mafuta ya gia, yapo. Nikafungua chujio la hewa, nikalipigapiga kwenye tairi, vumbi lote likahamia kwenye shati langu jeupe. Nikaweka gia ya chini kabisa, bure. Kila kitu nilikikagua isipokuwa remoki, kwa sababu kwenye remoki alikuwepo mama mkwe, na mimi nina adabu.

"Papa, iyo mashini iko na malaria?" akauliza motard mmoja, akazima pikipiki yake ili asikie jibu vizuri.

"Weye sukuma kwanza, utacheka nyuma, tukisha fika juu."

Wakasukuma, yeye na wenzake na wanawake wawili wenye nguvu kuliko wote, na kadiri walivyosukuma ndivyo trekta lilivyozidi kugoma. Wakashusha ndizi, likagoma vilevile. Mwishowe motard akasema lile ambalo kila mtu alikuwa analiwaza: "Mama ashuke."

Neema akamwambia, akashuka. Nikakanyaga, na trekta likapanda kama mbuzi aliyeona mahindi ya jirani, likanifikisha juu na kiti kitupu nyuma yangu. Mlima mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Eeeh! Mama mukwe yake iko muzito kupita tracteur!"

(Na mama mwenyewe, jamani, ni mwembamba, upepo ukivuma unamwonea huruma.)

Akapanda kwa miguu katika nguo zake za ibada, watu wakimpigia vigelegele, nami nikamngoja juu nikiutazama usukani. Nikasikia Neema akiuliza, "Mama, turudiye nyumbani?" Nilimuona Furaha akilini, amesimama mlangoni mwa kanisa na mtoto. Kisha remoki ikatikisika: amepanda tena.

Mlima wa pili, trekta likaguna tena. Safari hii nikasikia sauti ndogo nyuma yangu: "Yesu, tukamate. Yesu, tukamate." Nikageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, nikamtazama.

Alikuwa amefumba macho. Kiti kilikuwa kinateleza kurudi nyuma, na yeye, asianguke, alikuwa ameshika kwa mikono miwili, chini ya kikwembe, chuma kilichosimama mbele yake, anakivuta kifuani kwa nguvu zake zote. Chuma kile ni freni, breki ya mkono ya remoki. Meno ya kukishikilia yalikwisha zamani, ukikiachia kinarudi chenyewe, ndiyo maana kwenye tambarare, woga ulipompungua, tulikuwa tunakwenda.

Sikuweza kucheka. Nikasimama, nikachukua koti langu nililolitundika nyuma ya kiti changu.

"Neema, ambia Mama anikamatie hii koti, isichafuke. Na mutoshe kiti, mukiweke kando, mukae kwa mukeka pamoja."

Akalikumbatia lile koti kama mtoto, Neema akamkumbatia yeye, na tukapanda bila mguno.

Kanisani wimbo ulikuwa unarudiwa kwa ajili yetu. Furaha alikuwa nje, na motard (mbio zake!) alikuwa ameshafikisha habari, watu wanacheka ndani ya viganja. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mimi njo nilisahau freni. Mama hana kosa, na hana uzito!" Wakanicheka mimi, sawasawa kabisa.

Mama mkwe akampokea mjukuu, akanipa mgongo, akamwinamia mtoto:

"Ambia baba yako, asante ya koti."

Nimeapa. Trekta likinigomea tena mlimani, kabla sijafungua chujio lolote nitageuka kwanza niwaulize walio nyuma kama wanaogopa. Adabu itanisamehe.