Kumi na Mbili Iwe Chini

Mtaani walimwita Nukta, maana kazi yake ilikuwa ya nukta na vijistari. Kwa miaka ishirini na sita alikaa chumba cha nyuma cha duka la mshonaji, akirudishia saa za watu namba zilizofifia. Uso wa saa aliuegesha juu ya kizibo cha chupa, akashika brashi ya nywele tatu, akabana pumzi. Ukimsalimu wakati huo, hujibiwa na kisogo.

Saa zote zilikuwa za wengine. Ya kwake ilikuja mwaka huu. Mdogo wake, mhariri wa jarida la wapenzi wa saa, alikubaliana na mtengeneza saa mmoja watoe saa sitini tu kwa wasomaji, na uso akamwachia dada yake auchore atakavyo. Nukta akaweka kumi na mbili chini, sita juu, na moja pale ilipozoea kukaa saba, ili mshale uonyeshe kile ambacho kinywa hutamka. Utotoni darasa zima lilimcheka aliposoma kwa sauti, “Saa saba asubuhi.” Hakusahau.

Sampuli ikafika Alhamisi. Kesho yake jarida lingechapwa, saa ikiwa kwenye jalada. Mdogo mtu akaja mbio, jasho chapachapa, akafungua kiboksi juu ya meza ya dada yake. Akanywea.

“Imevunjika?”

“Afadhali ingevunjika, dada. Wameirekebisha.”

Kumi na mbili ilikuwa juu. Kikaratasi kilisema: Tumesahihisha kosa dogo la mchoraji.

“Tuipitishe tu,” akasema mhariri. “Muda hatuna, na imependeza.”

“Imependeza kama zile zote za dukani. Mpigie huyo mtengeneza saa.”

“Yule mzee ni mkali.”

“Na mimi je?”

Akapiga. Nukta akaichukua simu.

“Shikamoo, baba. Samahani, hapo ulipo ni saa ngapi?”

“Marahaba. Saa nne na nusu. Umenipigia kuuliza saa?”

“Mshale mfupi uko wapi?”

“Katikati ya kumi na...” Sauti ikakatika. Mhariri alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, hajui alikivua lini.

“Baba, upo?”

“Nipo.” Kicheko kikaanzia mbali, kikapanda mpaka simu ikakwaruza. “Mwanangu, nimetengeneza saa maisha yangu yote, na kila siku naziangalia nikisema kitu kingine.”

“Basi yangu inasema unachosema.”

“Kumi na mbili iwe chini?”

“Chini kabisa. Pale mchana unapoishia.”

“Uso uliouchora ninao hapa. Naufunga kwenye saa nyingine sasa hivi, mwambie mhariri aje kuichukua saa kumi.” Akasita kidogo. “Na hizo sitini, moja msiuze. Nina mjukuu anaanza shule.”

Nukta akaweka simu chini. Mdogo wake, aliyesikia yote, alishafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni.

“Vaa na kingine,” akamwambia, huku akicheka na kufuta macho. “Usije ukanichelewesha.”